Kabla ya kubadili diski ya msumeno, soma namba mbili

FAMILIA nyingi hupata riziki kwenye karakana ya useremala iliyo uani au barazani. Baba anapasua mbao, mama anapokea wateja, na watoto wakitoka shule wanapita hapo hapo. Katika mazingira hayo, kosa la kuchagua diski ya msumeno wa umeme haliishii kwa fundi peke yake.

Kosa linalojirudia ni kufunga diski ya kukatia mbao kwenye grinda, mashine ndogo ya kukatia na kusugulia vyuma. Sababu ni kubana matumizi: grinda tayari ipo, msumeno ni gharama. Diski isipoenea, kinga inang'olewa.

Msumeno wa mkono wa kawaida hutumia diski yenye upana wa milimita 185, na huzunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Kila jino husafiri karibu mita 48 kwa sekunde. Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000. Diski ile ile ikifungwa humo, jino husafiri zaidi ya mita 100 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 380 kwa saa. Jino likichomoka, mtoto aliyesimama mlangoni hana muda wa kukwepa. Tena grinda haina sahani pana ya kukalia juu ya ubao, hivyo diski ikinasa, mashine humrukia fundi.

Wapo pia wanaodhani diski kubwa ndiyo hukata vizuri zaidi. Ni kweli kwamba hufika kina kirefu. Ile ya milimita 185 hukata ubao wa unene wa karibu milimita 65. Lakini kadiri diski inavyopanuka ndivyo mota inavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Mota ndogo ikielemewa, kasi hushuka, ubao huungua pembeni na mota hupata moto mpaka ikaungua.

Wakati mwingine tatizo si kasi wala ukubwa, bali meno. Kwa kupasua ubao kwa urefu, diski yenye meno machache, kama 24, hutoa vumbi haraka na haichoshi mota. Kwa kukatisha ubao na kupata ukingo laini, kama wa mlango wa kabati, yenye meno 60 inafaa zaidi, ila fundi asiisukume kwa haraka.

Namba za kusoma ni mbili. Ya kwanza imeandikwa kwenye diski: kasi ya juu inayoruhusiwa. Ya pili ipo kwenye kibao cha mashine: kasi ya mashine yenyewe. Ya mashine ikizidi ya diski, diski hiyo isifungwe. Upana wake nao usizidi ule ambao kinga ya mashine inaweza kuufunika.

Kusoma namba hizo hakuhitaji ufundi. Mama anayetumwa dukani kununua diski anaweza kuziandika kwenye karatasi kabla hajatoka nyumbani.