Altezza ya siku ya Mungu: furaha ni haki ya mufanyakazi, lakini ihesabiwe kwanza

Kuna watu wanaosema kwamba mufanyakazi wa mugodi akinunua gari ya mbio, akili imemutoka. Anunue kwanza bati, wanasema, anunue shamba, anunue gari ya kufanya taxi. Mimi niko delege wa sendika, na maneno hayo siyakubali yote. Sheria ya kazi ya inchi yetu imeweka masaa 45 kwa juma. Masaa yanayobakia ni ya mufanyakazi mwenyewe. Akitaka kuyapitisha ku mupira, ku kanisa, ao nyuma ya volani ya gari inayomupendeza, hakuna mukubwa wa kumukataza.

Ile inayotuumiza kichwa ku sendika ni namna ya kununua. Gari inaingia mu lupango mwezi wa pili, majirani wanapiga makofi. Mwezi wa tano mutoto anarudishwa nyumbani juu minervali haijalipwa. Mwezi wa nane baba anakuja ku ofisi yetu kutafuta avansi ya mushahara, na gari iko juu ya mawe, haina moteri. Kuna pia wale wanaoweka dekonti yao yote, makuta ya miaka mingi ya kazi, mu gari moja ambayo hawakuifungua hata kapo. Basi, ndugu musomaji, tuongee juu ya gari yenyewe na juu ya hesabu yake. Tuchukue moja ambayo vijana wetu wanaitamani sana: Toyota Altezza.

Hii gari ni nini?

Toyota ilianza kuuzisha Altezza kwao Japani mwaka 1998, na Wajapani wakaichagua kuwa gari yao ya mwaka 1998–1999. Fundi aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Nobuaki Katayama. Walitaka gari isiyokuwa kubwa, yenye milango mine, moteri mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yasukume. Waliitengeneza mupaka 2005. Jina ni la Kiitaliano, na maana yake ni kimo. Tena ndilo neno la kumuheshimia mwana wa mufalme, kama vile Wafaransa wanavyosema Altesse. Wengi wanaijua kwa mataa yake ya nyuma, ile ya kioo cheupe na vikombe vyekundu ndani. Mataa hayo yalipendwa mupaka watu wakayaiga na kuyabandika ku magari ya kila namna.

Juu ya nini inapendwa hivi? Mu Corolla za siku hizi, magurudumu ya mbele yanafanya kazi mbili: yanavuta gari na yanakata kona. Mu Altezza kazi imegawanywa. Ya mbele yanakata kona tu, ya nyuma yanasukuma. Mukono wako unasikia barabara mu volani, na ukikanyaga mafuta wakati wa kutoka mu kona, unasikia gari inasukumwa kutoka mugongoni. Na pamoja na hayo, milango ni mine. Bibi na watoto wanaingia, mama mukwe vilevile.

Jina moja, moteri mbili

Hapa ndipo wengi wanadanganywa. Altezza RS200 iko na moteri 3S-GE, silinda 4, litre 2. Ikiwa na bwate ya mukono ya vitesi 6, inatoa nguvu za farasi 210. Lakini nguvu hiyo inapatikana juu sana, ku tur 7,600 kwa dakika. Ukiiendesha polepole mu muji, utasema ni gari ya kawaida. Ukiiacha ipande, inaamuka. Ndiyo tabia yake, na ndiyo inayowapendeza watu.

Altezza AS200 iko na moteri 1G-FE, silinda 6 mu mustari mumoja, litre 2 vilevile, farasi 160. Hiyo ni laini, inalia vizuri, lakini haina haraka. Mutu wa kusafiri na jamaa anaweza kuipenda kuliko ile ingine. Kule Ulaya gari hii iliuzishwa kwa jina la Lexus IS 200, na moteri ile ile ya silinda 6, na volani ku kushoto. Ukumbuke hii ya volani, tutairudilia.

Herufi za nyuma ya gari usizifuate. Zinanunuliwa ku soko na kubandikwa. Fungua kapo, tafuta kibati cha namba. Kikiandikwa SXE10, gari ilizaliwa RS200. Kikiandikwa GXE10, ilizaliwa na silinda 6. Kama kibati kinasema moja na moteri inasema ingine, maana yake moteri ilibadilishwa. Muulize mwenye kuuzisha ni nani aliibadilisha, na juu ya nini.

Volani ya kuume mu inchi ya kutembea kuume

Magari mengi ya Japani yanatufikia kwa njia ya Dar es Salaam, yanapita Tunduma, yanavuka Zambia, yanaingia Kasumbalesa. Tanzania na Zambia wanatembea upande wa kushoto, kwa hiyo volani ya kuume ni ya kwao. Sisi tunatembea upande wa kuume. Mu muji unaweza kuzoea. Ku barabara ya Likasi, kati ya makamyo yanayobeba shaba na kobalti, ni maneno mengine.

Ukiwa nyuma ya kamyo na volani iko kuume, huoni kile kinachokuja mbele. Inakubidi kutoa gari yote inje ndipo uone, na wakati huo umeisha kuchelewa. Wengine wanamuambia bibi aliyekaa kushoto: “Angalia, njia iko wazi?” Usimufanye bibi yako kuwa macho yako. Yeye hasikii nguvu ya moteri, hajui unahitaji metre ngapi. Bakia mbali nyuma ya kamyo, uone barabara kwa urefu, na kama huoni, usipite. Na mutu anayetaka kutoka kila juma ku barabara kubwa, atafute kwanza ile IS 200 ya Ulaya, hata kama bei inapanda kidogo. Hiyo bei ni ya macho yako.

Neno lingine: Altezza ya mwisho ilitoka ku kiwanda mwaka 2005. Hii ni gari ya uzee. Kama unataka kuagiza moja kutoka inje, uliza kwanza ku DGDA kama umri wake unakubaliwa, kama volani yake inakubaliwa, na ushuru wote utakuwa ngapi. Uliza mbele ya kutuma makuta, si wakati gari imeisha kusimama ku Kasumbalesa na kila siku ya pakingi inalipwa.

Siku ya kuangalia

Enda asubui, na umuombe mwenye gari asiiwashe. Ukifika, weka mukono juu ya kapo. Ikiwa na moto, waliipasha mbele yako, na kuna kitu wanaficha. Gari ya baridi haijui kudanganya.

Iwashe, angalia moshi. Moshi wa rangi ya bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto, inaweza kuwa maji yanaingia mahali hayapashwi kuingia. Fungua kifuniko cha mafuta: ukikuta kitu kama mayoneze, rudi nyumbani.

Uliza mukanda wa moteri ulibadilishwa lini. Moteri zote mbili za Altezza zinatumia mukanda, hazitumii cheni, na unabadilishwa karibu kila kilometre 100,000. Ukikatika wakati moteri inazunguka, hasara ni kubwa. Kama hakuna karatasi wala fundi wa kushuhudia, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uondoe bei yake ku makuta utakayotoa.

Iendeshe. Peleka bwate mu vitesi ya pili na ya tatu mara nyingi, kwenda na kurudi. Ikisaga meno, bwate imechoka. Pita pahali pa mashimo, dirisha ikiwa wazi: mugongano wa chini mbele unaonyesha mara nyingi rotili zimeisha, na rotili ikichomoka mu mwendo, gurudumu linalala. Kanyaga freni pahali pasipo na watu: gari inapashwa kusimama sawa, isivute upande.

Kama mwenye kuuzisha iko na karatasi ya munada ya Japani, tafuta herufi R. Hiyo inamaanisha gari iliisha kugongwa na kutengenezwa. Si lazima kuikataa, lakini bei ishuke. Na kilometre za ku saa usiziamini peke yake; angalia mipira ya pedali, ngozi ya volani, kiti cha dereva. Gari ya kilometre 80,000 haiwezi kuwa na pedali iliyolika mupaka chuma.

Tena, peleka fundi wako, si fundi wa mwenye kuuzisha. Na karte roze iwe ya kweli: linganisha namba ya kibati na namba ya karatasi, moja moja. Gari bila karatasi ni deni la kesho.

Hesabu ya mezani

Kanuni yangu ni hii: gawanya makuta yako mara tatu. Mbili ni za gari, moja inabakia mu nyumba kwa kutengeneza. Uko na dola 6,000 ya gari? Tafuta ya 4,000. Zile 2,000 zitaenda ku mukanda, mipira, rotili, freni, plake na asiransi. Ukitoa zote 6,000 siku ya kwanza, gari italala siku ya kwanza ya kuharibika.

Usikope ku banke Lambert. Tuchukue mufano wa dola 1,000 kwa faida ya 30 kwa mia kila mwezi. Kila mwezi unatoa 300 ya faida tu. Kiisha miezi sita umetoa 1,800, na ile 1,000 ya kwanza ingali pale pale, haijapungua hata moja. Hakuna gari yenye utamu wa namna hiyo.

Hesabu vilevile mafuta. Altezza inakunywa litre 10 ao zaidi kwa kilometre 100. Lubumbashi–Likasi ni karibu kilometre 120. Kwenda na kurudi, hesabu litre 25 mupaka 30. Na RS200 iliundwa kwa esansi ya nguvu. Ukiijaza esansi ya Kadhafi, ile ya bidoni ya kando ya njia, unaua moteri ya farasi 210 juu ya kupunguza franga kidogo.

Hesabu hizi zifanywe na watu wawili. Ketini mezani na bibi yako, ao na bwana yako, maana leo kuna ba-mama wanaoendesha mabene makubwa ku kariere, nao wanapenda gari. Andikeni: masomo ya watoto, dawa, bunga ya mwezi, lupango. Zikiisha kupata makuta yake, ile inayobakia ndiyo ya Altezza. Kama haitoshi mwaka huu, ingojee. Na dekonti ni ya uzee wako, gari isiiguse.

Kuishi nayo

Badilisha mafuta ya moteri kila kilometre 5,000. Moteri hizi ziko na kazi ndogo-ndogo ndani zinazosukumwa na mafuta hayo, na mafuta machafu yanaziziba. Mu wakati wa vumbi, safisha filitri ya hewa mara kwa mara. Usiishushe chini zaidi juu ya kupendeza vijana. Iko chini ya kutosha kwa migongo ya barabara zetu.

Na ile ya mwisho ni ya sendika kabisa. Ku kariere, dereva aliyechoka anashushwa ku mashini, maana usingizi unaua. Sheria hiyo uibebe mupaka ku lupango yako. Ukitoka posti ya usiku, usichukue funguo. Lala kwanza. Pombe, vilevile: mutu akunywe, gari ilale. Toka siku ya Mungu asubui, makamyo yakiwa bado machache, jua likiwa nyuma ya miti. Enda, rudi, osha gari na watoto.

Siku ya kwanza ya juma utaingia ku kazi na hakuna mutu anayekungojea ku mulango na karatasi ya deni. Gari imelala mu lupango, imelipwa yote, funguo iko mu mufuko. Watu wenye kuchekelea waache wachekelee.