Mota Iliyokatiwa Umeme Ina Hatari Bado

Baadhi ya mashine kubwa, kama vile vinu vya kusaga mahindi, huendeshwa na mota mbili zinazozungusha shafti moja. Mota moja ikiharibika, watu wengi huizima tu na kuendelea kusaga kwa ile iliyobaki. Kufanya hivyo bila matayarisho ni hatari kwa msagaji na hasara kwa chama cha ushirika. Sababu ni tatu.

Kwanza, mota iliyozimwa haisimami, maana mwenzake huizungusha kwa mkanda. Chuma chake hubaki na usumaku kidogo, na kikizungushwa huweza kuzaa umeme. Kama imefungiwa kapasita, umeme huo waweza kumwua mtu. Usishike kamwe nyaya zake inapozunguka.

Pili, mzigo wote huiangukia mota moja. Tuseme kila mota ina nguvu za farasi 10, na kinu chahitaji 16. Zikiwa mbili, kila moja hubeba 8. Ikibaki moja, hubeba 16, kupita uwezo wake. Itapata moto, na nyaya zake za ndani zitaungua. Hapo chama kitalipia mota mbili.

Tatu, mota nyingine zina breki ya springi inayoachia umeme unapoingia tu. Zikikosa umeme breki hukaza, na mwenzake huvuta mpaka mkanda au breki iungue.

Basi, fanya hivi:

1. Simamisha mashine yote. Zima swichi kubwa, ifunge kwa kufuli, na ufunguo akae nao anayefanya kazi. Kutoa fyuzi moja hakutoshi, kwani mota hizi huletewa umeme wa volti 415 kwa nyaya tatu.

2. Kila kitu kikisha kusimama, ondoa mikanda ya mota mbovu.

3. Fundi wa umeme azifungue nyaya zake na kuzifunika ncha.

4. Washa kinu kikiwa kitupu, kisha tia mahindi kidogo kidogo. Mita ya ampea isipite kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha mota. Kama hakuna mita, usisage.

5. Mota ikisha kutengenezwa, ijaribu kabla ya kufunga mikanda, uone kama yazunguka upande ule ule wa mwenzake. Zikipingana, fundi abadilishane nyaya mbili kati ya zile tatu.

Kinu kikisimama siku moja, hasara yake italipika. Mkono wa msagaji haununuliwi dukani.