Tenki la upepo kwenye pikapu ya shamba: tafuta nafasi gari likiwa na mzigo

Mwezi uliopita kijana mmoja wa huku Muleba, analima parachichi na ndizi za kuuza, alinipigia simu: "Bwana shamba, nimenunua tenki la upepo la lita 20 la kufunga kwenye pikapu, sasa fundi anasema halina pa kukaa. Njoo ulione." Nikaenda. Kweli halikuwa na pa kukaa. Lilikuwa zuri, jipya, limelala juu ya magunia stoo. Hela imetoka, kazi haipo.

Sikumcheka, maana mimi nilifanya vibaya zaidi yake. Nitafika huko.

Kwanza, kwa nini mkulima ahangaike na tenki la upepo? Msimu wa mvua, ukitokea mashambani kule Kamachumu, Nshamba au Katoro, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Ukipunguza upepo wa tairi kidogo, tairi linapanuka na kushika vizuri. Shida inakuja ukishika lami ya Bukoba–Muleba. Gari lina mzigo, tairi laini, na wewe unawahi mnunuzi. Tairi laini lenye mzigo likikimbizwa kwenye lami linapata joto kutoka ndani, mwisho linapasuka. Wengi wetu tunajisemea "nitajaza Bukoba mjini". Hapo ndipo watu wanapoumia. Inabidi ujaze pale pale unapoingia lami.

Sasa hesabu, ili ujue ununue tenki la ukubwa gani kabla ya kutafuta nafasi. Tenki la lita 10 likijazwa mpaka psi 120, ukalitumia hadi lishuke psi 35, linakupa karibu lita 58 za upepo wa kawaida. Tairi la pikapu kubwa lina nafasi ya lita 60 hivi ndani. Kulipandisha kutoka psi 20 hadi 35 kunahitaji lita 60 na ushee. Kwa hiyo tenki la lita 10 linajaza tairi moja, tena kwa kubana. La lita 20 linajaza mbili. Tairi zinazobaki ni kazi ya kompresa. Kompresa ndiyo kisima, tenki ni ndoo tu ya kuchotea. Kama kompresa yako ni nzuri, tenki la lita 8 au 10 linatosha kabisa, na nafasi yake inapatikana. Yule kijana alidhani tenki kubwa litamwokoa na kompresa ndogo. Haliwezi.

Tuje kwenye nafasi. Ingia chini ya gari, usiangalie ukiwa umesimama pembeni. Pikapu nyingi zenye chesisi zina uwazi kati ya chesisi na ukingo wa bodi, mbele ya tairi la nyuma. Hapo ndipo napapenda kuliko kote. Tenki linalala kwa urefu, liko juu kuliko ekseli, na mkono unalifikia. Lakini chagua upande ambao bomba la moshi halipiti. Joto linaua mpira wa upepo na maungio yake.

Nyuma ya kiti ndani ya kebini pako pakavu, na mafundi wengine wanapapenda. Mimi sipakubali. Hapo wanakaa watu. Kwenye injini pia hapana kwa tenki, pana joto mno. Kompresa yenyewe inaweza kukaa huko ikiwa mbali na bomba la moshi na juu ya usawa wa maji. Juu ya bodi linakaa, ila litakula nafasi ya mikungu, na siku moja mpakiaji atalitupia kreti.

Uwazi wa juu ya ekseli ya nyuma ndio uliniponza mimi. Gari likiwa tupu unaonekana mkubwa sana. Nilipima pikapu tunayotumia na kaka yangu ikiwa tupu, imeegeshwa sehemu tambarare. Nikapata sentimita 15 kati ya tenki na ekseli. Nikafurahi, nikafunga. Safari ya kwanza tulibeba mbolea, tukaingia shimo moja baya. Nikasikia mlio mkali wa upepo nikajua tairi limekwisha. Kumbe ekseli ilipanda ikagonga koki ya tenki ikaivunja. Nilipolala chini kuangalia, bomba la breki lilikuwa vidole vitatu tu kutoka pale palipogongwa. Kaka yangu aliangalia, akanyamaza. Tungekuwa kwenye mteremko nisingekuwa naandika haya.

Jambo lenyewe ni kwamba gari tupu linakudanganya. Chini ya chesisi, juu ya ekseli, kuna raba ngumu ambayo ekseli inaigonga mzigo ukizidi au ukiingia shimo. Ekseli inaweza kupanda hadi hapo, na kila ilichobeba kinapanda nayo. Pima kutoka hapo, uache tena angalau sentimita 5.

Kuna njia rahisi ya kujaribu, na kwa sisi wa Kagera haina gharama. Umevuna mkungu, mgomba umeukata? Chukua kipande chenye unene wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 40. Huo ndio umbo la tenki la lita 10, karibu sawasawa. Kifunge na mpira wa baiskeli pale unapotaka tenki likae, kaza vizuri. Pakia mzigo wako wa kawaida, piga safari zako kwa siku tatu. Halafu chungulia. Mgomba ni laini, kila kilichogusa kimeacha alama. Palipochubuka, ekseli au jiwe limefika. Palipoungua au kusinyaa upande mmoja, kuna joto. Ukitoka mzima, nenda dukani na vipimo vyako.

Katika kufunga, msiruhusu fundi achomelee tenki lenyewe, hata nukta moja. Litafungwa kwa bendi mbili za chuma zenye raba ndani. Chesisi nayo isitobolewe ukingo wa juu wala wa chini, ndiyo nguvu yake. Tumia matundu yaliyopo ubavuni. Lazima pawe na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe presha ikizidi, na koki ya kutolea maji iwe sehemu ya chini kabisa. Huku kwetu hewa ina unyevu mwingi, maji yanajikusanya ndani na tenki linaliwa na kutu usiyoiona. Fungua koki kila wiki.

Mtungi wa gesi ya kupikia au wa gesi ya friji usiugeuze kuwa tenki, hata ukipewa bure. Tenki la breki la lori lililotumika linaweza kufaa kama halina kutu, lakini lijazwe maji pomoni kwanza na kupandishiwa presha mara moja na nusu ya utakayotumia. Ukijaribu kwa maji, likipasuka linavuja tu. Ukijaribu kwa upepo, linaruka vipande.

Wenye Fuso najua mnacheka, nyinyi tenki mnalo tayari. Hilo ni la breki. Ukichota upepo wake kujazia tairi, usiondoke mpaka geji ipande tena.

Yule kijana tulimtafutia mtu wa kumuuzia lile la lita 20, akapata la lita 10. Kipande chake cha mgomba kilichubuka siku ya pili, tukakisogeza mbele sentimita 12. Sasa kiko siku ya nne, ameniambia hakina alama. Jumamosi fundi anafunga.