Nyuklia Si Moja: Habari za Moto wa Boroni



Neno nyuklia limeingia majumbani mwetu hapa pwani kwa mlango wa hofu. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipojitokeza mwaka 2024 kupinga mpango wa kujengewa kinu, habari zao zilizungumzwa hadi kwenye baraza zetu za Jomvu Kuu. Hatuwezi kuwalaumu. Jirani zetu wa Owino Uhuru walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na watoto wao ndio walioumia zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hata hivyo, hofu yataka ujuzi. Kinu kilichokusudiwa Uyombo ni cha kupasua viini vya urani, kazi ambayo huacha taka zenye mnururisho wa kudumu maelfu ya miaka. Wanasayansi wengine wanatafuta njia tofauti: kuunganisha viini badala ya kuvipasua. Jua letu hung'aa kwa muungano wa namna hiyo.

Muungano tunaouzungumzia leo ni wa protoni, yaani kiini cha hidrojeni, na boroni. Viwili hivyo vikiungana huzaa viini vitatu vya heliamu, gesi isiyo na sumu, na nyutroni huwa chache mno. Kwa hiyo taka zake ni haba. Boroni si kitu kigeni: jina lake limetokana na neno la Kiarabu bauraq, na akiba yake kubwa zaidi duniani iko Uturuki.

Tatizo ni joto. Muungano huu wahitaji zaidi ya nyuzi bilioni moja, na hakuna tanuru la kulihimili joto hilo. Hapo ndipo inapoingia leza, ambayo kwa mpigo mfupi kuliko kupepesa jicho huzisukuma protoni kwa kasi kubwa ajabu. Mbinu ya kutengeneza mipigo hiyo ilimpatia Bi. Donna Strickland wa Kanada, pamoja na Gérard Mourou wa Ufaransa, tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwaka 2013, Bi. Christine Labaune na wenzake nchini Ufaransa walitumia leza mbili: moja iligeuza boroni kuwa plazima, nyingine ikairushia protoni. Mwaka 2022 matokeo ya jaribio la Osaka, Japani, yalionyesha mazao makubwa ya viini vya heliamu kutokana na leza.

Lakini tusidanganyane. Katika jaribio hilo la Osaka, nishati iliyozaliwa haikufika hata sehemu moja kwa elfu ya ile iliyotumika. Moto huu hautawasha taa ya Jomvu mwaka huu wala ujao.

Basi, akina mama na akina baba, mtu akija kutuahidi umeme wa nyuklia, tumuulize mambo matatu: kinatumika nini, taka zitawekwa wapi, na lini? Akitaja nishati safi ya muungano kwa kesho asubuhi, tujue anauza ndoto. Nasi tusiwakatize binti zetu wanapochagua fizikia shuleni. Wawili tuliowataja leo walianzia darasani.