Mzazi Asipumzishwe Mpaka Akadhoofika

Mzazi afikapo uzeeni, watoto huanza kumpokonya kazi moja baada ya nyingine: ndoo, jembe, hata safari ya sokoni. Hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini msuli usiotumika hunywea, na aliyezoeshwa kukaa hujikuta siku moja hawezi kuinuka kutoka katika sijida bila kushikwa mkono.

Je, nguvu zilizokwenda hurudi? Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walieleza habari za wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Tisa waliomaliza wiki 8 waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaziacha bakora zao. Walipoacha mazoezi, karibu theluthi ya nguvu ilipotea ndani ya wiki 4.

Basi jambo kubwa ni kudumu, na mtu hudumu akiwa na wenzake. Jamaa ya msikiti ipo tayari. Baada ya Swala ya Alfajiri, wazee watembee pamoja nusu saa, siku tano kwa wiki. Asiyeonekana, ajuliwe hali. Kina mama nao wawe na kundi lao. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Nanyi watoto, msimpokonye mzazi ndoo. Mpunguzieni maji.