Mtu wa Kando ya Stelingi

Ndugu msomaji, keti na jamaa wa Pito, kule Sumbawanga, usiku ambao baridi ya Ufipa imewafungia watu ndani mbele ya televisheni. Filamu ikimalizika na majina yakianza kupanda, nani atakayesema tungoje tuyasome? Mmoja huinuka kuzima, mwingine amekwisha kutafuta blanketi lake. Hivyo ndivyo jina la Job Seda lilivyotupita wengi wetu.

Mjaluo huyu wa Kenya alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Angali mtoto, alikwenda Marekani na wazazi wake, ambao walikuwa wakipiga muziki wa Kijaluo huko. Sinema ilimjia baadaye, Hollywood ilipokuja Kenya kupiga filamu ya "Out of Africa", iliyotoka mwaka 1985. Mastelingi walikuwa Meryl Streep na Robert Redford. Yeye akapewa nafasi ya Kanuthia, mtumishi wa Denys, yaani Redford. Mwaka 1986 filamu hiyo ilitunukiwa Oscar 7.

Kanuthia hasemi mengi. Utauliza, msomaji, mbona katika hadithi iliyopigwa kwao Mwafrika akawa wa kutumwa tu? Swali ni la haki, na Hollywood ilikuwa na mazoea hayo tangu zamani. Lakini usiidharau kazi yenyewe. Stelingi amepewa maneno. Msaidizi wake aghalabu hupewa mahali pa kusimama, naye hana budi kutufanya tuamini kwamba mtu yule ana maisha yake mwenyewe.

Baada ya hapo alihamia London. Huko alipiga nyatiti, chombo cha nyuzi 8, katika vituo vya treni za chini ya ardhi, wapita njia wakimtupia sarafu. Jina alilojulikana nalo sasa ni Ayub Ogada. Mwaka 1988 alipanda jukwaa la tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 akatoa albamu ya "En Mana Kuoyo".

Humo mna wimbo "Kothbiro", maana yake mvua inakuja. Mwaka 2005 wimbo huo ulisikika katika "The Constant Gardener", filamu nyingine iliyopigwa Kenya, ambayo ilimpatia Rachel Weisz Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Watazamaji wengi waliuliza ni nani anayeimba. Wachache walijua kwamba walikwisha kumwona miaka 20 nyuma, akiwa amesimama kando ya Redford.

Ayub Ogada alifariki dunia tarehe 1 Februari 2019, kwao Nyahera, karibu na Kisumu.