Maneno ya Barua na Maneno ya Kinywa

Katika nchi ya Wasukuma, mtu akikutana na mwenziwe asubuhi humwamkia, "Mwangaluka." Jioni humwambia, "Mwadila." Ukimwambia mzee "Mwangaluka" jua likitua, atacheka. Neno lenyewe ni jema, ila limekosa wakati wake.

Kiingereza nacho kina desturi ya namna hiyo. Siku za utawala wa Waingereza, uliokoma katika Tanganyika mwaka 1961, maofisa wa serikali waliandika katika barua zao, "I have the honour to inform you," yaani, "Nina heshima kukuarifu." Mwisho wakaandika, "Your obedient servant," yaani, "Mtumishi wako mtiifu." Hata mkubwa aliweza kumwandikia hivyo mtu aliye chini yake, wala hakuwa mtumishi wake. Hayo yalikuwa mavazi ya barua tu. Akiisha kutia sahihi, ofisa huyo hakusema na mwenziwe mezani kwa maneno hayo.

Wanafunzi wengi hukisoma Kiingereza vitabuni kabla ya kukisikia. Kwa hiyo hudhani ya kuwa maneno marefu ndiyo yenye adabu. Sivyo. Tuseme kijana wa Shinyanga amepata kazi katika machimbo ya dhahabu ya Geita. Mara aona jiwe linamwangukia mgeni asiyejua Kiswahili. Je, aseme, "I have the honour to inform you that a stone is falling"? Kabla hajamaliza, jiwe litakuwa limekwisha fika! Na apige kelele, "Look out!" yaani, "Jihadhari!" Hapo ufupi si ufidhuli, bali ni huruma.

Lakini kijana huyo huyo akiandika barua ya kuomba kazi, asiandike kama apigaye kelele machimboni. Aanze, "Dear Sir," na amalize, "Yours faithfully," kama ilivyo desturi.

Basi, utayatambuaje maneno ya kinywa? Wasikilize wenye lugha wanaposema. Tena lipime neno kwa lugha yako. Katika barua twaandika, "Natumaini barua hii itakukuta u mzima." Ni nani amwambiaye mama yake hivyo mlangoni, atokapo sokoni?

Wazee wamesema, "Kila mlango na ufunguo wake." Mwenye funguo zote mbili, wa barua na wa kinywa, hatafungiwa nje.